Fimbo ya Mbali

Neno nyapara lina umri mkubwa kuliko Kenya. Kabla ya reli, kabla ya mtu yeyote kuchora mipaka tunayoigombania leo, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo na Pangani kuelekea Tabora na Ujiji, na kila kundi la wapagazi lilikuwa na mnyampara wake. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi ile. Mnyampara aliwajua watu wake kwa majina, aliwasemea kwa mwenye mali kuhusu ujira na posho, na alitembea nao jua kali hadi mwisho wa safari. Alikuwa msimamizi, ndiyo, lakini msimamizi mwenye vumbi miguuni kama wenzake.

Neno hilo lilipofika kwenye mashamba ya walowezi huku bara lilikuwa limepoteza ile sauti ya katikati, na pia heshima yake. Nyapara wa shambani hatembei na mtu. Anasimama. Wengine wanainama, yeye anaangalia. Ukitaka kujua kilichobadilika katika kazi ya Mwafrika kati ya 1870 na 1930, unaweza kuanzia hapo.

Naishi Sosiot, Belgut, kaunti ya Kericho, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya kazi ya Nairobi nikiwa huku. Kazi yenyewe si ya kusimulia watoto: nakagua ankara za wateja kwenye laptopu, nalinganisha tarakimu, natuma. Mwaka huu kampuni iliyoniajiri, ambayo jina lake halina umuhimu, ilituandikia barua pepe fupi. Kila mtu arudi ofisini, siku tano kwa wiki. Sababu zilizotajwa zilikuwa utamaduni wa kampuni, ushirikiano na uwajibikaji. Hakukuwa na tarakimu hata moja. Sisi tunaolipwa kukagua tarakimu tuliona hilo haraka.

Wenzangu wengi walikasirika, wakaandika mambo kwenye kikundi cha WhatsApp ambayo hayafai kuchapishwa hapa. Mimi nilianza kusoma historia ya majirani zangu. Ukitoka Sosiot kwenda Kericho mjini haupiti muda mrefu kabla ya kuona chai, kijani kimoja kilichokatwa sawasawa mpaka kwenye upeo wa macho, na katikati yake nyumba ndogo za kampuni zimepangwa mistari. Swali la bosi anayetaka kumwona mfanyakazi wake kwa macho si jipya kwenye vilima hivi. Limekuwa likijibiwa hapa kwa karibu miaka mia moja, kwa njia tofauti, na majibu yake bado yanaonekana ukiwa barabarani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Mradi ukaitwa BEADOC. Walipanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na ardhi ikaishia kwa makampuni ya chai. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na African Highlands, iliyokuwa mtoto wa James Finlay ya Uskoti, zilikuwa zimeingia. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe kabla ya kitani na kabla ya chai. Hiyo ni hadithi nyingine, na madai yake hayajafungwa mpaka leo.

Chai inakula mikono. Inataka watu wengi, kila wiki, mwaka mzima, mvua ikinyesha isinyeshe. Na watu walikuwepo, Wakipsigis, pale pale mpakani mwa shamba. Shida ni kwamba walikuwa na shughuli zao. Walikuwa na ng'ombe. Walikuwa wameanza kulima mahindi kwa plau ya maksai, na soko kubwa la mahindi hayo lilikuwa, hebu ngoja, makampuni ya chai, yaliyohitaji posho ya kuwalisha wafanyakazi. Kwa hiyo kampuni ilinunua mahindi ya Mkipsigis ili imlishe mtu aliyetoka Kisii au pwani ya ziwa, aliyekuja kufanya kazi ambayo Mkipsigis wengi hawakuitaka. Nikisoma hayo hucheka peke yangu.

Lakini ndani ya kicheko hicho kuna jambo. Mtu mwenye kazi ya maana nyumbani ni mgumu kuajiri. Anaweza kusema hapana, anaweza kusema ngoja nimalize kupalilia, anaweza kusema ongeza senti. Kwa mwajiri, mpinzani mkubwa hakuwa kampuni nyingine ya chai. Alikuwa boma la mfanyakazi mwenyewe.

Ukishaona hivyo, sheria za wakati ule zinasomeka kirahisi. Kodi ya vibanda ilianza mapema, mwanzoni mwa karne, na baadaye ikatakiwa kwa fedha taslimu, si kwa mbuzi. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu "kuhimiza" vijana kwenda kufanya kazi kwa walowezi. Kila mtu aliyewahi kuhimizwa na chifu anajua maana yake. Kelele zikapigwa hadi London, waraka ukalegezwa. Wakati huo huo kikaja kipande.

Wazee wetu bado huita kitambulisho cha taifa kipande, na vijana hudhani ni utani. Sheria yake ilitungwa 1915 ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoruhusiwa kuondoka, yote ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bila saini ya mwajiri aliyepita, huwezi kuajiriwa na mwingine. Ukiondoka bila ruhusa, hiyo haikuwa kuacha kazi, ilikuwa kosa la jinai. Mfumo huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Nimeangalia kipande kwa muda mrefu kwenye picha za kumbukumbu, na kinachonishangaza ni kwamba hakisemi mengi kuhusu kazi yenyewe. Hakisemi huyu mtu alichuma kilo ngapi, alichimba mtaro wa futi ngapi. Kinasema alikuwa wapi na alikuwa wa nani.

Hoja ya kimaadili ilikuwa uvivu. Mwafrika akikaa kwake, walisema walowezi, anakunywa pombe kivulini na kuwaachia wanawake kazi. Kazi isiyoonwa na Mzungu ilihesabiwa kuwa si kazi, hata kama ndiyo iliyolisha shamba lake. Sasa soma alichoandika Elon Musk mwaka 2022 kwa wafanyakazi wa Tesla: saa zisizopungua arobaini kwa wiki, ofisini, ama tuchukulie umeacha kazi. Alipoulizwa kuhusu wasiotaka, alijibu kwamba wakaigize kazi mahali pengine. Musk si Northey, na mhandisi wa Tesla hana kikebe shingoni. Ila dhana iliyo chini ni ile ile, kwamba mtu akiwa kwake anaigiza.

Sasa, laini. Ndivyo tunavyoziita zile nyumba za kampuni zilizopangwa mistari katikati ya chai. Wazo la kumweka mfanyakazi karibu na kengele ya kiwanda halikuzaliwa Kericho, na inafaa tutoke huku kidogo kulifuata lilikotoka.

Uingereza ya karne ya 18 ilifuma nguo zake nyumbani. Mfanyabiashara alipeleka uzi kwa mfumaji, akarudi baada ya muda kuchukua kitambaa, akalipa kwa kipimo. Mfumaji alipanga siku zake. Jumatatu wengi hawakugusa kazi, walikuwa bado wanauguza wikendi, halafu Ijumaa walikesha. Wafanyabiashara walilalamika kila siku: uzi unaibwa, kazi inachelewa, watu hawatabiriki. Mwaka 1771 Richard Arkwright akajenga kiwanda cha kusokota pamba kule Cromford, kwenye maji, na kando ya kiwanda akajenga nyumba za wafanyakazi. Kengele ikilia, uko ndani au uko nje.

Kwa nini kiwanda kilishinda nyumba? Mwaka 1974 mwanauchumi wa Harvard, Stephen Marglin, aliandika makala iliyouliza mabosi hufanya nini hasa. Jibu lake lilikuwa kwamba kiwanda hakikushinda kwa sababu mashine zilikuwa bora. Kilishinda kwa sababu kilimpa mwenye mali mamlaka juu ya muda wa mtu. Mwanahistoria David Landes alimjibu miaka kumi na mbili baadaye, akasema hapana, mashine za maji na mvuke haziingii sebuleni, lazima watu wazifuate zilipo. Wasomi wamegombana tangu hapo. Mimi naona Landes ana hoja, na hoja hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye chai kuliko kwenye pamba.

Jani la chai likishachumwa linaanza kubadilika mara moja. Likilala kwenye gunia hadi kesho limeungua, halina thamani. Lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Tena kila kichaka kinatakiwa kurudiwa baada ya siku chache, maana ukichelewa jani linakomaa na kuwa gumu. Na kiwanda kikishawashwa kinataka majani ya kutosha, si leo mengi kesho hakuna. Kwa hiyo mwenye kampuni aliyesema nataka watu wangu wakae hapa hapa, waamke pamoja, wachume pamoja, hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na sababu ya kitaalamu.

Lakini angalia. Mchumaji wa chai alilipwa kwa kilo, si kwa saa. Mtu anayelipwa kwa kilo anajisimamia mwenyewe, hakuna haja ya kumpigia kelele afanye haraka. Bado kukawa na nyapara, kuitwa majina alfajiri, na nyumba ambayo si yako. Mwisho huo ndio mzito. Ukifukuzwa kazi unafukuzwa na nyumba. Watoto wanaondoka shule ya kampuni, mgonjwa anaondoka zahanati ya kampuni, yote kwa barua moja. Kuna watu waliozaliwa kwenye laini, wakafanya kazi miaka thelathini, wakastaafu, na siku ya kuondoka hawakujua waelekee wapi. Jani ndilo lililotaka mtu awe karibu. Kampuni ilimtaka karibu kuliko jani lilivyotaka.

Nasema hivyo kwa kujiamini kwa sababu jaribio lilifanyika. Chai ilipelekwa nyumbani.

Kwa miongo mitatu wataalamu waliamini kwamba chai ni zao la mashamba makubwa. Mwenye nusu ekari angeharibu ubora, angechuma majani magumu ili apate uzito, angechelewesha, asingejua magonjwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, na wakoloni walikubaliana nao bila kujua Kiswahili. Kisha ikaja vita ya Mau Mau, serikali ikatishika, na mwaka 1954 mpango wa Roger Swynnerton ukafungua mlango kwa Waafrika kulima mazao ya biashara kwa wingi. Mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilianza kazi Ragati, Nyeri. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA.

Jinsi walivyotatua tatizo la umbali inafaa kusomwa na kila bosi. Walijenga vituo vya kununulia majani karibu na wakulima, kila kimoja paa tu na mizani. Wakapanga lori na ratiba. Wakamsajili mkulima na kumpa namba. Wakaweka kanuni moja isiyo na mjadala, majani mawili na chipukizi, na gunia lenye majani magumu likarudishwa hapo hapo mbele ya watu. Hakuna aliyesimama shambani kwa mtu kumwangalia. Kilichoangaliwa ni jani.

Leo wakulima wadogo wa Kenya, zaidi ya 600,000, wanazalisha zaidi ya nusu ya chai ya nchi, na chai ya viwanda vyao hupata bei nzuri mnadani Mombasa. Utabiri kwamba kazi ya nyumbani itaharibu ubora ulikuwa wa watu waliosoma sana, na haukutimia. Mwanzoni baadhi ya viwanda vya wakulima viliendeshwa kwa mkataba na makampuni yale yale yaliyokuwa na mashamba makubwa.

Kogo, bibi yangu, ana vichaka vyake hapa Belgut, si vingi. Anachuma asubuhi umande ukiwa bado, anapumzika saa nne kwa chai ya maziwa, anaendelea, anabeba kwenda kituoni. Katikati anakamua ng'ombe na kugombana na kuku. Kituoni macho yake hayatoki kwenye mizani. Namba inayoandikwa kwenye risiti ni ya babu, aliyefariki zamani, na bonasi ya mwisho wa mwaka hupitia kwa mjomba kabla ya kumfikia. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie kazi ya nyumbani ni uhuru. Nyapara anaweza kuondoka shambani akahamia kwenye mizani, au kwenye jina lililo juu ya karatasi.

Siku moja alinikuta nje na laptopu, nimeifuata mtandao kwenye mti wa mwisho wa boma, akaniuliza, "Mtoto wangu, sasa nani anakuona ukifanya kazi?"

Nikamwambia, "Hakuna, Kogo. Wanaona kazi ikifika."

"Kama majani."

"Kama majani."

Akafikiria kidogo. "Basi wasikuibie kilo."

Nilihamia huku Julai 2020. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akahimiza ofisi ziwaruhusu watu kufanya kazi kutoka nyumbani. Aprili Nairobi ikafungwa. Ilipofunguliwa mwezi wa saba, wengi wetu tulifanya hesabu moja: kama silipwi kwa kukaa kwenye kiti, kwa nini nalipia nyumba karibu na kiti? Wengine walirudi Kisumu, wengine Meru. Tulijaza matatu na magodoro.

Kazi ikaendelea. Hilo ndilo lisiloelezeka kwenye barua pepe za sasa. Tena haikuwa bahati ya korona. Kampuni ya Kichina ya kuuza safari, Ctrip, ilikuwa imeshafanya jaribio Shanghai miaka ya nyuma, na matokeo yalichapishwa 2015 na Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake. Wahudumu wa simu waliofanya kazi nyumbani kwa miezi tisa walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 13. Kampuni hiyo hiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ilijaribu tena na wafanyakazi 1,612, safari hii siku mbili nyumbani na tatu ofisini. Matokeo yakatoka 2024 kwenye jarida la Nature: kazi haikushuka, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Mameneja walioulizwa kabla ya jaribio walidhani kazi itashuka. Baada ya kuliona, wakabadilisha mawazo.

Miezi michache tu baada ya hapo, Septemba 2024, Andy Jassy wa Amazon akatangaza siku tano ofisini kuanzia Januari 2025. Kabla yake, Agosti 2023, Zoom, ndiyo, Zoom yenyewe, ilikuwa imewaita wafanyakazi wanaoishi karibu warudi siku mbili kwa wiki. Na Oktoba 2024 Rais Ruto akatangaza kibali maalumu cha wageni wanaotaka kukaa Kenya wakifanyia kazi makampuni ya nje. Mgeni akae Diani afanyie kazi Berlin, karibu sana. Mimi nikae Sosiot nifanyie kazi Nairobi, hapana.

Kwa hiyo kwa nini? Sababu ya kwanza naiona kwenye neno lenyewe, nyapara. Meneja wa kati, yule aliye kati ya mkurugenzi na sisi, amepanda cheo kwa kuwasimamia watu. Watu wakiondoka machoni pake, anabaki na nini? Akijifunza kupima kazi, huenda ikaonekana kwamba kazi inajipima. Sisemi ni watu wabaya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa wengi wao daftari lilikuwa macho.

Sababu ya pili ni ya pesa, na haizungumzwi kwa sauti. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akipunguza wafanyakazi lazima atoe notisi na alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mfanyakazi akijiuzulu mwenyewe, fidia hiyo hakuna. Sasa chukua kampuni yenye watu wengi kuliko inavyotaka. Waambie wote warudi Nairobi kufikia Jumatatu, ukijua kwamba mmoja ana mtoto shule ya msingi Litein, mwingine anauguza mzazi Bomet, mwingine amejenga. Hujamfukuza mtu. Wamejiondoa wenyewe. Si kila bosi anafikiri hivyo, lakini nimekuwa kwenye idara ya fedha muda wa kutosha kujua kwamba hesabu hiyo ipo kwenye kompyuta ya mtu fulani.

Sababu ya tatu ni ile ya mahindi na plau. Mwenzetu mmoja aliyerudi kwao amefuga kuku mia mbili. Mimi nina miche ya parachichi. Hatujaacha kazi, hatuibi saa za mtu, lakini tukiambiwa mshahara hautapanda mwaka huu tunaweza kuuliza kwa nini bila sauti kutetemeka. Mtu wa Roysambu mwenye kodi ya tarehe tano hana sauti hiyo. Nadhani mabosi wanaihisi tofauti hii hata wasipoweza kuitaja, kama walowezi walivyoihisi kila walipopita boma lenye ghala la mahindi.

Kuna sababu nzuri pia, na nisingependa kuzificha. Kwenye lile jaribio la Shanghai, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini lilipoisha, kwa sababu ya upweke. Waliobaki nyumbani walisahauliwa kwenye kupandishwa vyeo, ingawa walifanya vizuri. Na nina mwenzangu mdogo, miaka 23, anayeishi chumba kimoja chenye kitanda, jiko na jirani mwenye spika. Kwake ofisi ni mtandao wa bure, chai ya bure, meza, na watu wa kumfundisha kazi kwa kumwangalia wakifanya. Tulipokuwa tunatukana kwenye kikundi, yeye alinyamaza. Baadaye aliniandikia pembeni, "Wee una nyumbani kwa kufanyia kazi." Kweli. Kazi ya nyumbani inategemea nyumba.

Juzi nilipita tena kando ya laini. Nyumba nyingi hazina moshi asubuhi. Tangu miaka ya 2000 makampuni yamekuwa yakileta mashine za kuchuma, na mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kimepinga kwa miaka. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine Kericho, na mtu mmoja akauawa. Mashamba yenyewe yamebadilisha wenyewe: yale ya Finlay na yale ya iliyokuwa Brooke Bond yameuzwa kwa kampuni ya Sri Lanka, Browns. Karne nzima mabosi walitaka watu wakae hapo hapo waonekane, wakawajengea nyumba, wakawapigia kengele. Sasa watu hawatakiwi karibu wala mbali. Wenzangu wa ofisi wanaodhani kurudi kwenye kiti kutalinda kazi zao wangekuja kutembea huku Jumamosi moja.

Barua yangu ya majibu nimeituma. Nimeomba nilipwe kwa ankara zilizokaguliwa bila kosa, si kwa saa, na nimeambatisha hesabu ya miaka yote niliyofanya kazi nikiwa huku, mwezi kwa mwezi. Wamejibu kwamba watanipigia. Wakati huo huo wakala mmoja Nairobi ananiuliza kama bado nataka ile nyumba ya Kasarani, maana kuna mtu mwingine anaitaka, na deposit ni miezi miwili.